Kugawa diski na kurudisha Windows: njia ipi inafaa kompyuta yako ya nyumbani

Laptopu zilizotumika zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, mara nyingi huja diski ikiwa imeshagawanywa: C ya Windows, D ya "vitu vyako". Tumezoea hivyo kiasi kwamba mashine yenye C peke yake mtu huona fundi amemfanyia kazi nusu. Nia yenyewe ni nzuri. Windows ikivurugika, C inafomatiwa, inapigwa Windows nyingine, na D inabaki na picha za harusi na vyeti vya watoto. Hilo linafanya kazi mradi diski ni nzima. Diski ikifa, C na D zinakwenda pamoja, kwa kuwa ni chumba kimoja kilichowekewa pazia katikati.

Kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua diski ya nje kabla hujahangaika na kugawa ya ndani. Mengine yote hapa chini ni kuchagua njia ukijua hilo.

C peke yake, au C na D?

Hasara ya kugawa huonekana baada ya miezi kadhaa. Chukua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256, ambayo Windows huionyesha kama GB 238 hivi. Fundi anaipa C 100, D inachukua zilizobaki. Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64, halafu juu yake kuna Office, WhatsApp, masasisho ya kila mwezi na folda ya Downloads ambayo hakuna anayeisafisha. Vyote hivyo viko C. Muda si mrefu mstari wa C unageuka mwekundu, huku D ina nafasi tele isiyo na kazi.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Watu huamini mafaili yao yako D, kumbe Desktop, Documents, Downloads na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zote zinakaa ndani ya C:\Users. Anakuja fundi, anauliza "vitu vyako viko D, sio?", unajibu ndiyo, C inafutwa. Ukitaka D ifanye kazi iliyokusudiwa, bofya kulia folda ya Documents, ingia Properties, kisha Location, kisha Move, uihamishie D. Fanya hivyo pia kwa Pictures na Desktop. Usipofanya hivyo, D ni mapambo tu.

Kwa SSD ya chini ya GB 512 mimi ningeacha C peke yake. Kwa kompyuta ya mezani yenye diski mbili halisi, SSD ya Windows na ile diski ya zamani ya kuzunguka kwa ajili ya mafaili, D ina maana kamili, maana hapo ni vifaa viwili na kimoja kikifa kingine kinabaki.

Wenye Linux wana hesabu tofauti. Mashine nyingi ambazo haziwezi kupokea Windows 11 zimehamia Linux Mint, mfumo wa bure, tangu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipofikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na huko kuweka /home, folda ya vitu vya mtumiaji, kwenye patisheni yake (kipande chake cha diski) kunalipa kweli. Ukisakinisha mfumo upya unaiambia programu ya usakinishaji itumie patisheni ile ile bila kuifomati, na unarudishiwa mafaili pamoja na mipangilio ya programu zako. D ya Windows haikupi hilo, kwa sababu programu na mipangilio yake vimezama C.

Kusogeza mipaka: Disk Management, GParted, au programu za kununua

Disk Management iko ndani ya Windows tayari. Bonyeza Windows na X utaiona kwenye orodha. Kupunguza C, kutengeneza patisheni mpya, kubadilisha herufi: kwa kazi hizo haina haja ya mpinzani. Ila ina ulemavu wa aina mbili.

Wa kwanza ni pale unapotaka kupunguza. C ina GB 120 tupu, unabofya Shrink Volume, inakuambia inaweza kutoa 20 tu. Sababu yake ni mafaili yasiyosogezeka yaliyokaa mbali kuelekea mwisho wa patisheni: lile la kulaza mashine (hibernate), lile la kumbukumbu ya ziada, na ya pointi za kurejesha. Zima ulazaji kwa amri ya powercfg /h off, zima kwa muda faili la kumbukumbu ya ziada na System Protection, washa upya, ujaribu tena. Mara nyingi nafasi huongezeka sana.

Wa pili ndio unaowachosha watu. Umehamisha mafaili ya D kwenye diski ya nje, umeifuta D ili uiongezee C, unabofya kulia C na neno Extend Volume limefifia, halibonyezeki. Angalia ule mchoro wa chini kwa makini. Kushoto kuna kipande kidogo cha MB 100 kinachoitwa EFI System Partition, cha kuwashia mashine, kisha C, kisha kipande kingine chenye neno Recovery, cha zana za kuirudisha Windows ikigoma, ndipo ile nafasi nyeusi iliyoandikwa Unallocated. Disk Management huongeza C kwa nafasi iliyogusana nayo upande wa kulia tu, na hapo katikati amekaa Recovery. Alifikaje? Windows iliposakinishwa kwenye C yenye ukubwa uliopangwa na fundi, ilijikatia kipande cha Recovery pale C inapoishia, na D ikatengenezwa baada yake. Kama fundi angesakinisha Windows kwenye diski nzima halafu akaipunguza C, D ingekaa kati ya C na Recovery, na leo usingekuwa na tatizo.

Hapa ndipo GParted inapoizidi Disk Management. Ni programu ya bure, unaichoma kwenye flashi na kuwasha mashine kupitia flashi hiyo, kwa hiyo Windows inakuwa imezimwa kabisa na hakuna faili linaloshikiliwa. Inaweza kuisukuma Recovery hadi mwisho kabisa wa diski, na nafasi inakuja kugusana na C. Ukirudi Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /info, amri ya kukagua mazingira ya urejeshaji (zile zana za Recovery), uhakikishe bado inasema Enabled.

Asiyetaka flashi ana njia ya mkato ndani ya Windows, mradi C haijafungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski kwa ufunguo. Andika reagentc /disable, na mazingira ya urejeshaji yatarudi kukaa ndani ya C. Kisha ingia diskpart, chombo cha Windows cha kugawa diski kwa amri, chagua ile patisheni ya Recovery na uifute kwa delete partition override, kwa sababu Disk Management hairuhusu kuigusa. Ongeza C, halafu andika reagentc /enable. Ukiwa ndani ya diskpart soma mara mbili namba ya patisheni kabla ya kubonyeza Enter. Chombo hicho hakiulizi "una uhakika?".

Programu kama MiniTool Partition Wizard, AOMEI na EaseUS zina uso mzuri kuliko wote na zinafanya kazi ukiwa ndani ya Windows. Kasoro yake ni kwamba matoleo ya bure yana vitu vilivyofungwa, na mara nyingi unajua hivyo baada ya kupanga kila kitu. Zinafaa kwa anayeogopa GParted. Ninachokataa moja kwa moja ni lile toleo "lililovunjwa" linalozunguka kwenye flashi za mitaani. Unampa programu ya mtu usiyemjua ruhusa ya kuandika popote kwenye diski yako.

Kwa chombo chochote utakachochagua, jua tofauti hii: kusogeza mwisho wa patisheni ni kazi ya muda mfupi, ila kusogeza mwanzo wake ni kuhamisha data yote iliyomo, kipande kwa kipande, na inaweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, hesabu patisheni imeharibika. Laptopu yenye betri nzima iliyochomekwa inavumilia. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, katika mtaa ambao umeme unarukaruka, usiianzishie kazi ya namna hiyo. Hamishia mafaili nje, futa patisheni, tengeneza nyingine. Ni salama zaidi, na kwa kawaida hata haraka zaidi.

Na BitLocker. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hujifunga zenyewe unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, hata toleo la Home, na mwenyewe hana habari. GParted haiwezi kubadilisha ukubwa wa patisheni iliyofungwa, na ukigusa mipangilio ya Secure Boot (ukaguzi wa kinachoruhusiwa kuwasha mashine) ili flashi iwake, mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, mtandaoni. Uandike kwenye karatasi kabla hujaanza.

Windows imegoma: njia tano, na si zote zinarudisha kitu kimoja

Hapa watu huchanganya, maana kila njia inaitwa "kurudisha".

Pointi ya kurejesha, yaani System Restore, ndiyo nyepesi. Umeweka draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya printa, skrini imekuwa ya buluu. Unarudi kwenye hali ya juzi na mafaili yako hayaguswi. Ila kwa sababu hiyo hiyo, picha uliyoifuta hairudi. Kwenye mashine nyingi huwa imezimwa, kwa hiyo iwashe leo kwenye System Protection na uipe asilimia 5 ya C. Usiitegemee dhidi ya virusi vya kudai fidia, kwani hivyo huzifuta pointi zenyewe kwanza.

Patisheni ya kiwandani ni ile unayoiita kwa F11 kwenye HP, F9 kwenye ASUS, Alt na F10 kwenye Acer, au kitufe kidogo cha Novo kwenye baadhi ya Lenovo. Uzuri wake ni draiva: Wi-Fi, sauti, kiguso, vyote vinarudi bila kutafuta chochote mtandaoni. Ubaya ni kwamba inarudisha mashine kama ilivyotoka dukani, pamoja na takataka za majaribio ya antivirasi, na kama ilitoka na Windows 8.1, unarudi kwenye mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2023. Kwa laptopu ya mtumba swali hili mara nyingi halipo. Diski ya zamani ilitolewa ikawekwa SSD, na patisheni ile ilikwenda nayo. HP, Dell na Lenovo wana huduma ya kupakua urejeshaji huo kwa kutumia namba ya mashine, kama bando lako linaruhusu.

Reset this PC ndiyo njia ambayo watu wengi wa nyumbani wanapaswa kuijaribu kabla ya kumwita fundi. Inakuuliza maswali matatu, na kila jibu lina gharama yake. Keep my files huacha mafaili yako na kuondoa programu zote, kisha inakuachia kwenye Desktop orodha ya zilizoondolewa. Remove everything inafuta vyote. Kisha, Cloud download au Local reinstall? Ya kwanza inavuta zaidi ya GB 4 kutoka mtandaoni, jambo ambalo kwa bando la simu ni la kufikiria. Ya pili haivuti kitu lakini inajenga Windows mpya kutokana na mafaili ya Windows ile ile iliyoharibika. Uharibifu ukiwa umefika humo, inashindwa njiani. Kwa mashine inayosuasua tu, Local inatosha. Kwa iliyoingiwa na virusi au inayoonyesha makosa ya mafaili ya mfumo, tafuta Wi-Fi ya mtu uchague Cloud.

Swali la tatu hujitokeza ukichagua Remove everything kwenye mashine yenye D: ifute diski yenye Windows tu, au diski zote? Kwa anayebonyeza Next bila kusoma, hapo ndipo D inapokwenda.

Reset inahitaji yale mazingira ya urejeshaji yaliyo kwenye kipande cha Recovery. Aliyefuta kipande hicho "kuongeza nafasi" bila kufanya reagentc hukutana na ujumbe kwamba mazingira hayo hayapatikani. Kipande hicho kina historia yake ya vituko. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama KB5034441, na kompyuta nyingi duniani zikashindwa kulipokea, zikitoa kosa 0x80070643, kwa sababu tu patisheni ya Recovery ilikuwa ndogo mno. Ilihitajika MB 250 tupu ndani yake. Watu wa kawaida wakaambiwa wapanue patisheni kwa mkono, kwa amri za diskpart. Kwa hiyo ukigawa diski upya, ipe Recovery GB 1 na usiionee choyo.

Kusakinisha upya kwa flashi, ile ambayo mtaani inaitwa kupiga Windows, ndiyo safi kuliko zote na ndiyo inayofuta kuliko zote. Unahitaji flashi ya GB 8 na Media Creation Tool ya Microsoft, si ISO (faili la usakinishaji) ya mtu. Laptopu zilizotengenezwa na kampuni kubwa tangu enzi za Windows 8 kwa kawaida zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, kwa hiyo ukichagua toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, inajiwasha yenyewe ikipata mtandao. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za ofisi za Ulaya na zina leseni ya Pro halali, halafu mtu anaziwekea Windows ya kuvunjwa bila sababu yoyote! Kabla ya kufuta, weka draiva ya Wi-Fi kwenye flashi hiyo hiyo. Windows mpya isiyojua Wi-Fi yako haiwezi kwenda mtandaoni kuitafuta.

Imeji ya diski nzima ni ya tano, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa yeyote mwenye diski ya nje. Hii haijengi Windows mpya. Inapiga nakala ya diski ilivyo, pamoja na EFI, C, Recovery, programu, leseni za Office na mpangilio wa printa, na siku ya balaa inairudisha yote, hata kwenye diski mpya mradi si ndogo kuliko ya zamani. Reset inakuachia wikendi nzima ya kusakinisha programu. Imeji inakurudisha kazini siku ile ile.

Chombo? Clonezilla, inayotengenezwa Taiwan, ni ya bure na imara, ila inazungumza kwa skrini za maandishi zinazotisha. Rescuezilla inafanya kazi ile ile kwa vitufe vya kubofya, na imeji za Clonezilla inazisoma. Macrium Reflect ya bure, ambayo wengi walikuwa wakiipendekeza, ilifikia mwisho Januari 2024, kwa hiyo video za zamani zinazoisifia ziache. Ile ya Windows yenyewe, Backup and Restore (Windows 7), bado imejificha kwenye Control Panel, lakini Microsoft ilitangaza tangu 2017 kwamba haiiendelezi. Nisingeweka imani yangu yote huko.

Ukiwasha Rescuezilla kwa mara ya kwanza, hutaona C wala D. Utaona sda, sdb au nvme0n1. Tambua diski kwa ukubwa na jina la mtengenezaji: ile ya GB 238 ni ya ndani, ile inayokaribia GB 931 ndiyo ya nje ya TB 1. Wakati wa kupiga nakala, kosa hapo ni usumbufu tu. Wakati wa kurejesha, diski utakayoichagua kama mpokeaji inafutwa yote, na ukiichagua ya nje umepoteza imeji pamoja na kila kilichokuwemo. Jambo jingine: kurejesha imeji ya Machi kunakurudisha Machi, kwa hiyo nakala ya mafaili ya kila siku lazima iende kivyake, kwa File History, chombo cha Windows cha kunakili mafaili, au kwa kunakili kwa mkono kila wiki.

Kama C imefungwa kwa BitLocker, Rescuezilla haiwezi kujua ni sehemu gani tupu, inanakili patisheni nzima, na imeji inakuwa kubwa kupita kiasi. Hapo Veeam Agent ya bure inafaa zaidi, kwani inafanya kazi ukiwa ndani ya Windows, diski ikiwa imeshafunguliwa, na inakutengenezea flashi ya kurejeshea.

Imeji bora hupigwa siku Windows ilipomaliza kusakinishwa, draiva zote zimo, Office imo, na bado hujaanza kuijaza. Waliochelewa wapige sasa, wakishafuta Downloads.

Diski yenyewe ikiwa inaumwa

Njia zote hizi zinadhani diski ni nzima. Kabla ya Reset, kabla ya kusogeza patisheni yoyote, fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, uone imeandika nini. Ikisema Good, endelea. Ikisema Caution au Bad, au diski ya kuzunguka inagongagonga, usigawe wala usirudishe chochote juu yake, maana kazi hizo zinaandika na kusoma diski nzima na zinaweza kuimalizia. Nakili kwanza mafaili muhimu, picha na hati mbele, filamu mwisho, kisha badilisha diski.

Na kama tatizo ni kwamba umefuta patisheni isiyo yenyewe, usitengeneze nyingine hapo na usikubali Windows ikufomatie. Kilichofutika kwa kawaida ni mstari kwenye jedwali la patisheni, data bado ipo. TestDisk ya bure husoma diski na kuirudisha patisheni kwenye jedwali. Ikishindwa, PhotoRec huokota mafaili moja moja bila majina yake. Kwenye diski ya kuzunguka nafasi ni nzuri. Kwenye SSD fanya haraka na usiiache mashine ikiwaka bure, kwa sababu TRIM, amri ya kusafisha sehemu zisizotumika za SSD, inaweza kuwa imeshafagia data yenyewe.